Sultani mwema asiwe bwege

Ndugu yangu, wauliza sultani wa kisiwa cha kubuni katika hadithi yako awe mwema vipi bila kumezwa na fitina. Mimi ningeanza barazani kwake: nani huthubutu kumwambia kweli? Hapa Mombasa Wamazrui, ukoo wa watawala wenye asili ya Oman, walishika Ngomeni (Fort Jesus), lakini mji ulikuwa wa Thenashara Taifa, makundi kumi na mawili ya Waswahili wa mji, yaani Tisa Taifa (tisa) na Thelatha Taifa (matatu); usipowapatanisha hao, hukai. Wamazrui wenyewe walipogawanyika, Seyyid Said, mtawala wa Oman, akautwaa mji mwaka 1837.

Basi mpe sultani wako koo mbili zisizoamkiana, na malenga mwenye ulimi mkali, kama Muyaka wetu. (Upanga wa uchawi mie ningeuacha, umechosha.) Kisha mfanye akosee, na hasara iwafike wavuvi. Atakaposhuka pwani kuwakabili, tutamjua.