Jirani kumchapa mwanao: sheria na mazoea

Mkuu, umeuliza kama jirani aliyemchapa mwanao kwa kumkuta anarusha mawe barabarani amekosea, maana wazee wako wanasema mtoto ni wa wote.

Kisheria, kwa hapa Tanzania Bara, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu ya kikatili au ya kudhalilisha. Haijafuta kumrudi mtoto, ila inataka kuwe na kiasi, kulingana na umri na hali yake, na mtoto awe na umri wa kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Hata shuleni fimbo zina ukomo: kanuni za 2002 zinasema zisizidi nne, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu. Sasa jirani nani kampa idhini? Wenzetu Kenya walishapiga marufuku viboko shuleni tangu 2001.

Hao wazee siwabezi. Ila mtaani kwao jirani aliyekuchapa ndiye aliyekulisha mchana mama akiwa shamba. Leo tumejifungia ndani ya mageti, jina la mtoto wa jirani hatulijui, halafu tunataka haki ya fimbo tu. Mimi hapo nakataa.

Nenda kaongee naye jioni, bila mwanao kuwepo. Mwambie akimkuta na kosa akuite wewe. Kama kuna alama mwilini, hilo si la kuongea tena. Pitia dawati la jinsia na watoto polisi, au afisa ustawi wa jamii. Na mawe barabarani mwanao aache, boda wanapita hapo.