Re: Wiki ya tatu tangu nianguke na boda, kichwa bado kizito

Pole sana ndugu. Umeuliza kama kizunguzungu na mwanga kukuumiza macho ni damu inavuja, ilhali picha ya kichwa ilitoka safi. Nilianguka na boda pale Majengo, Moshi, nikapitia hayohayo; mwezi na nusu ndio nikatulia. Kilichonimaliza ni kupekua intaneti usiku wa manane: moyo mbio, kichwa kinazidi, najua nakufa. Kumbe hofu nayo huleta kizunguzungu, bwana! Nikawa naacha simu sebuleni, asubuhi natembea polepole, naongeza kidogokidogo. Kulala kutwa kulinizidishia.

Ila ukitapika mfululizo, maumivu yakizidi kupanda, ukichanganyikiwa, ukipata degedege au upande mmoja ukilegea, usingoje kukuche. Hospitali ya KCMC usiku huohuo.