Jibu: Debian ndani ya Termux inakufa nikihamia WhatsApp

Waalaykumu salaam ndugu wa Wete. Nimekufahamu: Debian (mfumo wa Linux) umeiweka ndani ya Termux (programu ya Android ya kuandikia amri) kwa proot-distro, chombo cha kusakinisha Linux humo, inawaka vizuri, lakini ukitoka kidogo kujibu WhatsApp, ukirudi unakuta "Process completed (signal 9)", yaani imeuliwa kwa nguvu.

Usiifute, wala usimalize bando kuipakua tena. Debian haina kosa, anayeua ni Android. Tangu toleo la 12, simu inahesabu michakato midogo inayoanzishwa na programu, na ikizidi 32 kwa simu nzima, inaanza kuikata. Ukiwasha XFCE (mazingira ya madirisha kama ya kompyuta) humo ndani, idadi hiyo unaifikia upesi sana.

Kwa hiyo tazama kwanza toleo lako la Android. Kama ni 14 kwenda juu, gonga "Build number" kwenye mipangilio ya simu mara 7 ili mipangilio ya wasanidi ifunguke, tafuta "Disable child process restrictions", iwashe, kisha zima simu uiwashe tena. Yangu ilitulia hapo hapo. Kwa 13 utaazima kompyuta yenye adb (chombo cha kuipa simu ya Android amri kutoka kompyuta), uunganishe waya, uandike:

adb shell settings put global settings_enable_monitor_phantom_procs false

Halafu kabla ya kuingia Debian andika termux-wake-lock (inaizuia simu isilale Termux ikifanya kazi), na uiondoe Termux kwenye vizuizi vya betri. Chaji itakwenda mbio, hilo halina dawa, na umeme wetu ndio huu tunaoujua.

Ikiendelea kufa, leta toleo la Android na aina ya simu. Kuna watengenezaji wenye vizuizi vyao wenyewe, na hivyo sijavigusa vyote.