ADXL345 inasoma sufuri tupu? Anzia hapa

Kabla ya kuwaza pembe au kuhesabu hatua, kiulize kihisi hiki cha mchapuko kijitambulishe. Soma rejista 0x00 (rejista ni kisanduku kidogo cha kumbukumbu ndani ya chipu). Kikijibu 0xE5, yaani 229, chipu iko hai na mnaelewana. Tatizo litakalofuata litafute kwanza kwenye programu. Jibu likiwa jingine, au kimya, iache programu na ukague waya.

Chipu yenyewe inataka volti 2.0 hadi 3.6. Volti 5 moja kwa moja zitaiua, isipokuwa bodi yake ndogo iwe na kirekebisha volti. Kwenye Arduino Uno, chukua umeme kwenye pini ya 3.3V, unganisha GND kwa GND, SDA (waya wa data) kwa A4 na SCL (waya wa saa) kwa A5; hizi mbili ndizo njia ya mawasiliano iitwayo I2C. Wengi huishia hapo, kisha wanashangaa. CS, pini ya kuchagua njia ya mawasiliano, nayo iende 3.3V, kwa sababu ndani ya chipu hakuna risista ya kuivuta juu. Ikining'inia, kihisi kinaweza kudhani unataka SPI, njia nyingine ya mawasiliano, na kukaa kimya kwenye I2C. SDO, pini inayoamua anwani ya kihisi, pia isiachwe hewani: ikiwa GND anwani ni 0x53, ikiwa 3.3V ni 0x1D. Na pini zilehemu. Pini zilizochomekwa tu kwenye matundu hutoa usomaji unaokuja na kupotea kila ukigusa meza.

Sasa zile sufuri. ADXL345 ikiwashwa huwa imelala, haipimi chochote hadi uiamshe kwa kuandika 0x08 kwenye rejista 0x2D. Halafu andika 0x0B kwenye 0x31: hapo unapata upeo wa ±16 g (1 g ni uvutano wa dunia) bila kupoteza usahihi, na 1 g ni takriban 256. Kasi iache ilivyo, vipimo 100 kwa sekunde.

Soma baiti zote 6, mbili kwa kila mhimili wa X, Y na Z, kwa mkupuo mmoja kuanzia 0x32; ukizisoma mojamoja unaweza kuchanganya nusu ya kipimo cha zamani na nusu ya kipya. Baiti ndogo hutangulia. Ziunganishe ndani ya int16_t (namba nzima ya biti 16 inayokubali hasi), si int. Kwenye Uno int ina biti 16, kwa hiyo kosa hujificha. Ukihamia bodi ya ESP32, ambako int ina biti 32, -1 inageuka 65,535 ghafla.

Kikilala bapa, chipu ikitazama juu, Z iwe karibu 256, X na Y karibu 0. Kupotoka kwa 20 au 30 si ubovu. Elekeza kila mhimili juu, kisha chini, na uchukue wastani wa vipimo 100 kila upande. Ukipata 268 na -250, jumla gawa kwa 2: 9 ndiyo ya kutoa kwenye kila usomaji. Tofauti gawa kwa 2: 259 ndiyo 1 g yako halisi.

Kuinama kitakuonyesha vizuri kikiwa kimetulia, lakini kukizungusha bapa mezani hakukipi habari yoyote ya uelekeo, maana uvutano haubadiliki. Wala usikitumie kukokotoa umbali: kosa dogo la 0.01 g, baada ya sekunde 10, limeshakupeleka karibu mita 5 na kihisi hakijasogea.