Aktiki inapata joto, mbona makinda wa bata bukini ni wachache?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nimehamia kusini-magharibi mwa Uskoti, karibu na ghuba ya Solway, ambako kila mwezi wa kumi hutua maelfu ya bata bukini wenye uso mweupe na shingo nyeusi kutoka Svalbard, visiwa vya Norwe vilivyo Aktiki, kaskazini kabisa mwa dunia. Tunasikia Aktiki inapata joto. Nilidhani joto litaleta majani mengi, na majani yalete makinda wengi. Mwaka huu nimehesabu kutoka barabarani, makinda ni wachache. Tatizo ni nini? Au ndege watazoea tu?

JIBU: Marahaba. Nianze na hilo la mwisho, “watazoea tu”, kwa sababu naletewa karibu kila wiki na limenichosha.

Bata bukini hana kipimajoto cha Svalbard. Akiwa Solway mwezi wa nne, kilomita zipatazo 3,000 kutoka anakozalia, kinachomwambia muda wa kuondoka umefika ni urefu wa mchana na hali ya majani anayoyala hapo alipo. Mchana wa tarehe 20 Aprili ni ule ule aliouona babu yake. Aktiki nayo, tangu mwaka 1979, imepata joto kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa dunia. Theluji haimsubiri.

Tuseme amewahi. Watafiti wa Uholanzi waliofuatilia ndege wa jamii hiyo hiyo wanaozalia Aktiki ya Urusi, na kuchapisha matokeo mwaka 2018, waliona kwamba masika yakiwa ya joto ndege hukazana, hupunguza kutua njiani, na hufika mapema kweli. Mayai ndiyo hayakuwahi kwa kiasi hicho. Jike hutegemea sana mtaji aliokuja nao mwilini, yaani mafuta na protini alizojaza vituoni. Asipotua, anafika mtaji umekatika, na inabidi ale siku kadhaa ndipo atage. Muda aliouokoa angani unaishia malishoni.

Wakati huo majani hayasimami kumsubiri. Nyasi za tundra, yaani nchi ya baridi isiyo na miti, zinapochomoza tu zina protini nyingi. Zikikomaa zinabaki nyuzi. Mayai manne au matano yanaatamiwa siku 24 au 25, kisha kinda anahitaji kama wiki sita kabla ya kuruka. Akianguliwa wakati majani yameshakomaa, atashinda malishoni kutwa na bado hatanenepa. Muulize mkulima aliyepanda mahindi wiki tatu baada ya mvua za kwanza kama wingi wa mvua ulimfaa.

Svalbard kwenyewe kuna jambo linalowapoteza wengi. Kongsfjorden, ghuba mojawapo ya huko, ambako ndege hawa wamefuatiliwa tangu miaka ya 1990, theluji ikiyeyuka mapema mayai yanayotagwa na kuanguliwa huongezeka. Anayeishia kusoma hapo atatangaza kwamba joto ni neema. Asome ukurasa unaofuata: wengi wa makinda hao huliwa na mbweha wa Aktiki kabla hawajaota mabawa. Na visiwani, ambako mbweha hafiki barafu ikishavunjika, sasa anafika dubu mweupe. Barafu anayoitumia kuwindia sili ikiondoka mapema, anapanda nchi kavu wakati majike bado wako juu ya mayai. Dume ananyoosha shingo na kutoa sauti kama ya nyoka. Jike anang’ang’ania kiota mpaka dakika ya mwisho, kisha anaruka pembeni. Dubu anakula yote, anahamia kiota cha pili, cha tatu. Kuna misimu visiwa vizima vimemaliza hivyo.

Sasa hesabu yako. Familia zenye makinda hupenda kukaa pembezoni mwa kundi, na kutoka barabarani ulichokiona zaidi ni pembezoni. Kwa hiyo kama umekosea, huenda umezidisha makinda. Hata hivyo mwaka mmoja mbaya hauthibitishi chochote kuhusu tabianchi, na ukubwa wa kundi vilevile. Miaka ya 1940 walibaki kama 300 tu. Baadaye wakapita 40,000, kwa sababu uwindaji ulipigwa marufuku na wakatengewa hifadhi kama Caerlaverock. Majira ya baridi ya 2021–22 homa ya mafua ya ndege ikaua takriban theluthi moja. Kupanda huko na kushuka huko kote kulikuwa na sababu nyingine. Tena ndege hawa huweza kuishi zaidi ya miaka 20, hivyo shamba linaweza kujaa wazee kwa muda mrefu huku uzazi umedorora.

Wanaonikera zaidi ni wenye dawa za mkato. Mmoja anashauri wapewe mkate mwezi wa tatu “wajaze mafuta”. Ndege wa majani unampa mkate, unawakusanya mamia kwenye dimbwi moja wachafuliane kwa kinyesi, baada ya mafua yale! Mwingine anataka mayai yakusanywe yatotoleshwe kwa mashine. Kinda hujifunza njia kwa kuruka nyuma ya wazazi wake msimu wa kwanza. Wa mashine atamfuata nani mpaka Solway? Na kwa sheria ya Uingereza, kuchukua mayai ya ndege wa porini ni kosa. Usiwasikilize, na usisambaze video zao.

Mwezi wa kumi ujao tafuta sehemu iliyoinuka, uhesabu ndege mia pembezoni na mia katikati, katika makundi kadhaa. Kinda utamjua kwa mistari ya ubavuni isiyokolea na mgongo wenye ukahawia. Andika, kisha urudie mwaka unaofuata.