Skrini inakuwa nyeusi Linux inapowaka

Ndugu yangu wa Masasi, umeuliza kuhusu skrini yako inayozima Linux inapowaka. Kwa kuwa menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo kompyuta inapowaka) unaiona vizuri na giza linakuja baadaye, skrini ni nzima. Usihangaike kuipeleka Mtwara mjini. Kaza waya wa VGA (unaounganisha skrini na kompyuta) kwanza. Ukilegea, kompyuta inaweza kushindwa kusoma vipimo vya skrini, ikachagua ukubwa wa picha ambao skrini haiumudu.

Bado? Kwenye menyu bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, ongeza mwishoni video=1024x768, kisha Ctrl+X. Ni kwa safari hiyo moja tu, haiharibu kitu. Ikigoma, andika hapo hapo nomodeset (inayoizuia Linux kupanga ukubwa wa picha yenyewe) badala yake, ila usiiache humo moja kwa moja: inapunguza nguvu ya kadi ya picha.

Ile video=1024x768 ikikubali, iandike kwenye faili la /etc/default/grub, ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT. Kwa Ubuntu, malizia na amri ya sudo update-grub kwenye terminal.