Wimbo wa kujifunza unaweza kudumu kwa muda gani? Jibu kwa mwalimu wa baiolojia

Swali: Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Niliwaeleza wanafunzi kwamba ndege waimbaji hawazaliwi na wimbo kamili, bali hujifunza kwa kuwasikiliza wakubwa wao. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa hujifunza, mbona nyimbo hazipotoki upesi, hasa kwa ndege waliotengwa juu ya milima? Je, kelele za miji na ongezeko la joto zinaweza kuzibadilisha, na mabadiliko hayo ni mageuko?

Jibu: Mwalimu, mwanafunzi wako ameuliza jambo ambalo wataalamu wengi walidhani wamekwisha kulijua. Ilikubalika kwa muda mrefu kwamba kila kizazi cha wanafunzi huongeza makosa machache, na kwa hiyo jamii mbili zilizotengana lazima zitofautiane kwa nyimbo muda si mrefu. Dhana hiyo ilijaribiwa milimani kwenu, nayo haikusimama.

Katika Milima ya Tao la Mashariki na nyanda za juu zinazopakana nayo wanaishi chozi wenye mikanda miwili ya rangi kifuani, ambao hukaa katika misitu ya baridi ya juu, na ambao hutengwa na mabonde makavu yenye joto wasiyoyapenda. Watafiti Jay McEntee na Rauri Bowie, pamoja na wenzao wa Tanzania akiwamo Chacko Werema wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walirekodi nyimbo za ndege 123 wa kundi hili, wakazilinganisha na tofauti za vinasaba vinavyoonyesha kila jamii imetengwa kwa muda gani. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba baadhi ya jamii zilizoachana kwa mamia ya maelfu ya miaka bado zinaimba nyimbo ambazo ni vigumu kuzipambanua, ilhali nyimbo za jamii nyingine zimetofautiana kwa kiasi kikubwa sana. Nyimbo, kwa maneno mengine, hazikupotoka kidogo kidogo kwa mwendo mmoja, bali zilitulia kwa muda mrefu mno na kubadilika kwa vipindi vifupi. Mfano wa tofauti kubwa mnao Udzungwa, ambako chozi wa Moreau na chozi wa Fuelleborn hukutana katika ukanda mwembamba, na kila mmoja anaimba wimbo wake ulio dhahiri.

Utulivu huo unahitaji sababu mbili. Ya kwanza ni ya mazingira: unyevu wa Bahari ya Hindi umeihifadhi misitu hii ya kale hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, na hivyo hakukuwa na msukumo mkubwa wa kuufanya wimbo mpya ufae kuliko wa zamani. Ya pili iko katika kujifunza kwenyewe, na hapa tunasaidiwa na utafiti wa shomoro wa vinamasi wa kaskazini-mashariki mwa Marekani, uliochapishwa na Robert Lachlan na wenzake mwaka 2018. Walikadiria kwamba kinda hunakili silabi za wimbo kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 98, na kwamba huchagua zaidi silabi zinazoimbwa na wengi, sawa na mtoto wa chuoni ambaye kosa la mwenzake mmoja halimpotoshi kwa kuwa anasikia kisomo kilekile kwa wengi. Kwa njia hiyo silabi fulani zinaweza kudumu kwa karne kadhaa. Kujifunza kunampa ndege uwezo wa kubadilika, lakini hakumlazimishi kubadilika.

Kelele za miji ni msukumo unaoweza kuufanya wimbo mpya ufae kuliko wa zamani. Luis Baptista alirekodi shomoro wenye utosi mweupe mjini San Francisco kuanzia miaka ya 1960, na ulinganisho wa rekodi hizo na za baadaye ulionyesha kwamba masafa ya chini kabisa ya nyimbo (kipimo cha uzito au wembamba wa sauti) yamepanda, yaani ndege wameondoka katika sauti nzito ambazo ngurumo ya magari huzifunika. Mwaka 2020, magari yalipopungua kutokana na janga la korona, Elizabeth Derryberry na wenzake waliona kwamba ndege hao waliimba kwa nguvu ndogo zaidi, na bado wimbo ukasikika mbali zaidi.

Je, ni mageuko? Naomba uwatenganishie wanafunzi ngazi tatu, kwa sababu hata magazeti huzichanganya. Ndege akipunguza sauti siku ambayo barabara imetulia, hayo ni marekebisho ya papo hapo. Makinda wakichagua kunakili nyimbo zisizofunikwa na kelele, jambo lililothibitishwa kwa shomoro haohao waliolelewa maabara, hayo ni mageuko ya kitamaduni, kwa kuwa tabia inarithiwa kwa kusikia. Mageuko ya kinasaba yanathibitika tu pale urithi wa damu wenyewe unapobadilika, na badiliko la wimbo peke yake haliwezi kuthibitisha hilo.

Kuhusu joto, sitapenda wanafunzi wafikiri kwamba wimbo ndio jambo la kuhofia kwanza. William Newmark na wenzake wamekuwa wakiwanasa ndege wa Usambara kwa nyavu, kuwavisha pete na kuwaachia kwa zaidi ya miaka 30, na takwimu zao zinahusisha ongezeko la joto na kudhoofika kwa ukuaji wa idadi ya spishi nyingi za msituni. Ndege aliyezoea baridi anaweza kupanda juu zaidi mpaka mlima unapoishia. Chozi wa Loveridge, ambaye hapatikani kokote duniani isipokuwa Uluguru, hana mlima wa pili wa kuhamia. Hilo linanihuzunisha zaidi ya badiliko lolote la wimbo.

Kama mnataka kurekodi wenyewe, simu inatosha kwa kuanzia, mradi kila rekodi iandikiwe tarehe, saa, mahali na mwinuko. Msikadirie masafa ya chini kwa kuangalia tu picha ya sauti kwenye kompyuta: mahali penye kelele sehemu nzito ya wimbo huzama ndani ya kelele, nanyi mtadhani ndege ameyapandisha masafa kumbe hamkuiona sehemu hiyo. Ndege anayeimba kwa nguvu pia huweza kupandisha masafa bila kukusudia, kwa hiyo linganisheni rekodi za asubuhi tulivu pekee, zilizochukuliwa kwa umbali unaokaribiana.